Mwaka Tulipokosa Anshi

Tulipotoka kumzika Mwalimu Anakleti tulinawa mikono kwenye beseni mlangoni pa nyumba yake, pale Gihundwe, kama inavyotakiwa, kisha tukakaa. Watu walikuwa wengi. Wanafunzi wake wa zamani walijaa uani, wengine na mvi tayari, nami niliwataja mmoja mmoja kabla hawajajitambulisha: Filberti wa tarumbeta, Imakulata wa klarineti, Onesimo aliyebeba ngoma kubwa tangu utotoni mpaka sasa tumbo lake limechukua nafasi ya ngoma. Walicheka, na kucheka siku ya msiba si dhambi ikiwa marehemu alikula chumvi ya kutosha. Vinywaji vilipopita, kijana anayefundisha muziki parokiani siku hizi, jina lake Patrisi, akasema kwamba mwanafunzi wa obua hana tena sababu ya kupoteza wakati na kisu. Anshi zinaagizwa kwa simu, zinafika Kigali, zinapanda basi mpaka Kamembe. Langwida, aliyejifunza obua kwa Mzee utotoni, alikuwa karibu nami. Akaweka chupa yake chini. "Patrisi, wewe unafundisha batoto kupuliza ao kungojea basi?" Hapo uani pakawaka. Huyu anasema mtoto anunue, yule anasema mtoto ajichongee, Onesimo anasema wote wapige ngoma, ngoma haina anshi. Mwisho Patrisi akanigeukia kwa adabu, kama kwa bibi yake: "Koko, wewe ulikuwa mu nyumba. Mzee mwenyewe alisemaka nini?"

Sikumjibu pale pale, maana jibu lake ni mwaka mzima. Mimi niliacha shule Bukavu nikiwa bado nahesabu kwa vidole, na obua sijaitia mdomoni hata siku moja. Lakini ubishi ule wa kutengeneza au kununua niliusikia ukianza, kupitia ukuta wa mbao wa jiko nililokuwa nikipikia, na waliousikia pamoja nami wamebaki wachache. Basi naandika kama ninavyosema, polepole.

Kwa asiyeijua, obua ni filimbi nyeusi, ndefu kupita mkono wa mtoto, yenye vifungo vyeupe vya chuma. Juu kabisa inachomekwa anshi, yaani vipande viwili vyembamba vya matete vilivyolaliana na kufungwa kwa uzi juu ya kibomba kidogo cha shaba. Pumzi inapita katikati ya vile vipande viwili, vinatetemeka, sauti inatoka. Bila anshi, obua ni fimbo tu. Na anshi inakufa. Inaloa, inakauka, inaloa tena, siku moja inapasuka au inachoka, unatafuta nyingine. Mwalimu Anakleti alizipata kutoka Ulaya kupitia kwa mapadri wa Bukavu, na alizitunza katika kopo la vidonge lililofungwa kwa mpira. Halafu ukaja mwaka ule wa vita vya ng'ambo. Bukavu ilikuwa pale pale tunaiona, mabati yake yanang'aa upande wa pili wa maji, lakini daraja lilifungwa, na usiku na mchana tulisikia kule mizinga. Sisi tuliolelewa kule tulikuwa tunasimama barabarani kuangalia moshi na kubishana ni mtaa gani unaungua.

Nilikuwa nimepata kazi ya jikoni kwa Mwalimu na mke wake, Maman Jozefa. Nilikuja na Devota, mtoto wa dada yangu marehemu, msichana aliyekuwa anaanza kuwa mrefu. Nyumba ile naiona hata nikifumba macho. Sebule yenye meza moja ndefu, kitambaa cha plastiki chenye picha za machungwa, viti visivyofanana, msalaba, na kwenye kona kabati la vyombo vya fanfari, bendi ya parokia. Jiko lilikuwa nyuma, la mbao, na mbao zilikuwa zimejikunja kwa joto, kwa hiyo kila neno la mezani lilinifikia pamoja na harufu ya chakula changu mwenyewe. Asubuhi chai ya maziwa na viazi vitamu. Mchana maharage na ugali wa muhogo, au sombe, majani ya muhogo. Siku ya bahati, sambaza, dagaa wa ziwani, wakaangwe mpaka wawe wanavunjika kama biskuti. Maman Jozefa alikula kidogo na kuongea sana; mume wake kinyume. Nadhani ndiyo sababu walidumu.

Obua ilikuwa moja, na wasichana wa kujifunza walikuwa wawili: Langwida na Devota. Walipokezana chombo, na mwanzoni walipokezana hata anshi, maana kopo lilikuwa linaisha. Ndipo siku moja mama yake Langwida akaja mpaka mlangoni, hakutaka kuingia. Akasema, "Mwalimu, nakuheshimia sana. Lakini mutoto wangu hataweka mu kinywa kintu yenye kutoka mu kinywa ya mwingine. Siku hizi nani anajua nani?" Leo vijana watamwona mama yule ana roho mbaya. Hapana. Ilikuwa hivyo kila mahali. Zamani kwenye pombe ya mtama mrija mmoja ulizunguka kutoka mdomo hadi mdomo, na aliyeukataa ametukana nyumba. Baada ya yale tuliyoyapitia, watu walikwenda kwenye sherehe na mrija wao mfukoni, na mwenye nyumba alionja kwanza, akaonja tena, na bado macho yalimfuata. Sumu ilizungumzwa kuliko mvua. Mwalimu hakubishana. Alifungua kopo mbele yake. Zilikuwa zimebaki tatu. Akampa Langwida moja, Devota moja, ya tatu ikawa yake.

Ya Devota ndiyo iliyoleta kazi. Mtoto huyu, wakati wa kukimbia kutoka Bukavu, bati lililorushwa na bomu lilimpasua mdomo wa juu. Muuguzi aliushona njiani, kwa haraka, na Mungu ambariki, lakini upande wa kushoto ulibaki umevutwa juu kama pazia lililonaswa. Devota hakusema na mtu bila kuweka kiganja mdomoni. Alikula akinigeuzia mgongo. Shuleni walimwita Sungura, na majina ya waliomwita hivyo ninayo, lakini wamekuwa watu wazima wenye watoto, tuwaache. Sasa obua, sijui kama mmewahi kumtazama mtu anayeipuliza: inamkunja kila mtu mdomo. Midomo inaingia ndani, mashavu yanakaza, macho yanatoka. Siku ya kwanza Devota alipomwona Mwalimu akipuliza, alinivuta sketi. "Mama mdogo, angalia Mwalimu naye." Kuanzia hapo alitaka chombo kile na si kingine. Pale tu, kati ya watu, kiganja chake kilikuwa na kazi nyingine.

Lakini anshi ya dukani imechongwa kwa midomo iliyokamilika. Kwa Devota hewa ilitoka pembeni, fyuu, na sauti iliyobaki ilikuwa ya mbuzi anayeitwa kuchinjwa. Alijifunza nyuma ya jiko, mimi nikiosha sufuria, na niliona anavyojitahidi mpaka kovu linageuka jeupe. Langwida alikwenda mbele, Devota alibaki palepale. Mchana mmoja, wakati wa maharage, nikasikia Mwalimu akimwambia mke wake, "Kwa Pasaka nitamuweka Devota kwenye ngoma. Mudomo haukamate." Nilishika kijiko nikasahau ninachokoroga. Nilijua akienda kwenye ngoma ataipiga kwa mkono mmoja, na ule mwingine utarudi usoni, na hautatoka tena.

Devota naye alikuwa mlangoni, alisikia. Hakulia. Kesho yake nilikuta uzio wa Maman Jozefa una pengo: amechomoa mabua ya urubingo, yale majani marefu tunayozungushia ua, amekata vipande, amevifukiza juu ya moto wangu. Nilimuuliza anafanya nini. "Mirija inafukizwaka, Mama mdogo, ili isipasuke." Kweli, mirija ya pombe ndivyo inavyofanyiwa kwetu, inaning'inia juu ya jiko mpaka iwe myekundu. Akafunga vipande viwili kwa uzi wa gunia, akapuliza. Urubingo una sponji ndani, ulivimba mdomoni kama mkate, na masizi yakamfanyia ndevu. Onesimo alimwona, akapiga kelele, "Sungura amekuwa mzee!" Maman Jozefa alimfukuza Onesimo kwa ufagio, halafu akachukua ile takataka, akaingia nayo mezani, akaiweka juu ya machungwa ya plastiki, mbele ya sahani ya mume wake.

"Unaona hii?"

"Naona uzio wangu," Mwalimu akasema.

"Mutoto anataka kutengeneza. Mufundishe."

"Jozefa, sikia. Mutoto akipuliza anshi ya kununua, sauti ikiharibika anajua kosa ni yake. Akipuliza ile alijichongea, hajue mwenye kosa ni nani: mudomo, kisu, ao matete. Atakaa mwaka muzima anachonga, na do-re-mi hajue. Wanafunzi wa muziki banapaswa kujifunza muziki."

"Na ya kununua iko wapi? Bukavu kule. Vuka basi. Askari wakikuuliza, waambie unafuata kafilimbi."

"Vita itaisha."

"Itaisha, ndiyo. Na ye ataisha kuwa mutoto."

Nikasikia kijiko kikilazwa kwenye sahani. Kisha Mwalimu akasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, sauti ya mtu anayevua viatu. "Sijue kutengeneza, Jozefa. Kule seminari Padri alikuwa anatugawia kama ostia. Tulifungua kinywa, basi. Sijawahi hata kuona namna inafungwa."

Maman Jozefa hakucheka, yeye aliyecheka kila kitu. Alimwongezea mchuzi.

Sasa ndipo nafika mahali ambapo nikifika huwa napumzika. Asubuhi yake, chai bado iko moto, Mwalimu alimwita Devota na Langwida mezani. Akatoa anshi yake, ile ya tatu, nzuri, ambayo kwayo alituchezea jioni wakati mizinga ya ng'ambo ilipokuwa mingi, ili tusiwe tunahesabu. Akaiweka kwenye sahani nyeupe ya bati. Akachukua sindano, akatafuta mwisho wa uzi, akaanza kuufungua. Niliacha jiko nikasimama mlangoni, hakuna aliyenifukuza. Uzi ulizunguka, ukazunguka, akawa anawaonyesha unavyopishana. Vile vipande viwili vikaachana. Kumbe vilikuwa kitu kimoja kilichokunjwa katikati na kukatwa ncha. Akavilaza, akavipima kwa njiti ya kiberiti, akaitia njiti alama kwa ukucha. Akawaongoza wasichana wapitishe kidole juu yake: hapa nene, hapa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. "Muangalie vizuri," akasema, "kwani mimi pia ndiyo naona leo." Walipomaliza kuangalia alijaribu kuifunga tena kama ilivyokuwa. Ikapasuka kutoka ncha mpaka chini. Akaitazama kidogo, akasema, "Haya. Sasa ni ya shule." Tangu siku ile nyumba haikuwa na obua jioni.

Nimesikia watu wakimsifu Mwalimu Anakleti kwa mambo mengi kwenye mazishi, na yote ni kweli. Lakini mimi nikikumbuka alivyokuwa mwema, naona ile sindano. Mtu mzima, mwenye jina, anakaa kati ya wasichana wawili, anafungua kitu chake cha mwisho ili wote watatu wajue kilivyo. Wakati ule kila mtu alikuwa anakumbatia alichobakiza, na sikuwa tofauti. Nilikuwa na kitenge kimoja kizuri ambacho sikukivaa mpaka kikaliwa na panya.

Matete ya kweli, yale yenye uwazi ndani, yalitoka Bugarama. Mtoni penyewe, kwenye mpaka, askari hawakuruhusu mtu kusogea, lakini Papa Saidi, mkulima wa mpunga kutoka upande wa Muganza, aliyeuza mchele kwa parokia, alisema yapo kando ya mifereji ya mashamba. Alileta mzigo wa matete juu ya gunia la mchele. "Mwalimu, munajenga choo?" Alipoambiwa ni ya muziki alitikisa kichwa, lakini safari iliyofuata alileta mengine bila kuombwa, yaliyokomaa zaidi, akisema yale ya kwanza yalikuwa bado mabichi na alikuwa anaona haya. Hatukuyafukiza. Yalianikwa juani, juu ya bati la jiko langu, yakageuka rangi ya siagi. Wakayapasua, wakayakwaruza ndani kwa vipande vya chupa, wakayaloweka kwenye kikombe, wakayakunja juu ya mgongo wa kisu. Vibomba vya shaba walivitoa kwenye anshi zilizokufa. Maman Jozefa hakuwa mtu wa kutupa kitu. Uzi ulikuwa wa nyavu za sambaza, uliopakwa nta. Kwa wiki nyingi sebule ile ilikuwa karakana. Nilifagia vumbi la matete kwenye ugali, kwenye vitanda, kwenye nywele za Maman Jozefa, naye akasema hata akitoa mafua yatatoka na nota.

Nyingi zilikufa kwenye meza. Langwida alitengeneza moja iliyolia, akaitazama, akairudisha mfukoni na kuendelea na ile ya kununua. Alisema anapenda kupuliza, hapendi kukwaruza. Mwalimu akamwambia, "Ni haki yako. Ikifa, utakuja kwetu." Devota hakuacha. Alichonga, akapuliza, akasikiliza hewa inavyotoka pembeni, akachonga tena. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye sahani ya bati: akaacha kuifuata njiti ya kiberiti. Upande wa kushoto akauacha mpana zaidi na mnene, wa kulia akaulainisha, mpaka anshi ikawa imepinda, kama kiatu kilichozoea mguu wa mwenye kuchechemea. Mwalimu alipoiona alikunja uso. "Hii umekosea." Akaitia mdomoni mwake, akapuliza. Hakuna kitu, upepo tu. Akajaribu tena, shingo ikasimama mishipa. "Imekufa hii, mutoto wangu. Tengeneza ingine."

"Mwalimu, nipe."

Aliitia upande wake, ile sehemu pana ikakaa chini ya kovu kama imeitwa. Sauti ikatoka. Si kubwa, si tamu kama ya Mwalimu, lakini imenyooka, haina fyuu, inakwenda moja kwa moja mpaka ukutani. Mimi nilikuwa nachambua maharage, nikaacha. Langwida akasema, "Aka!" Mwalimu akamwachia Devota amalize gamu yote, do mpaka do, kupanda, na yote kushuka. Ndipo akasema, taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Kumbe miaka yote nilikuwa napima anshi za batu kwa mudomo yangu."

Siku ya Pasaka Devota hakuwa kwenye ngoma. Alicheza kipande cha baada ya komunyo, kifupi, Langwida alicheza cha mwisho, kirefu, kila mmoja na anshi yake, wakipeana chombo kati ya benchi mbili. Mama yake Langwida aliimba kwa sauti kuliko wote. Mwalimu aliongoza kwa mikono tu. Misa ilipotoka, Devota alisimama mlangoni pa kanisa akipokea pongezi, ameshika obua kwa mikono yote miwili, na alikuwa anawajibu watu. Nilikwenda nyuma ya kanisa nikajifanya napiga chafya.

Kwa hiyo, Patrisi, kama unasoma: Mzee hakusema jibu moja. Aliwaachia wasichana wawili majibu mawili chini ya paa moja. Mtoto ambaye ya dukani inamtosha, na ipo, anunue, apulize, asije akapoteza ujana wake akikwaruza. Lakini mfundishe kwanza kuifungua, kwa sababu huwezi kujua ni yupi kati yao ambaye dukani hawakumfikiria.

Baada ya Pasaka daraja lilikuwa bado gumu kuvuka kwa vitu kama anshi, na Mwalimu aliendelea kukaa bila kupuliza. Hakulalamika, ila jioni alikuwa anatembeza vidole juu ya kitambaa cha machungwa. Ndipo nikaona Devota ameanza tabia mpya: wakati wa chakula anakuja kukaa mlangoni mwa jiko na kumkodolea macho Mwalimu akila. Nilimvuta sikio. "Wewe, unamuangalia muzee anavyotafuna? Nani alikufundisha?"

"Namuangalia midomo, Mama mdogo. Angalia. Anatafunia kuume, kushoto hana magego. Na mudomo wa chini ni munene, unaangukaka."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli, nami nilikuwa nimempikia muda wote ule sijaona.

Alitengeneza moja, akaitupa. Akatengeneza nyingine, akaitupa. Kisha mchana mmoja, tumekula sombe, alipita mezani kama anayeondoa sahani, akaacha kitu kidogo cha rangi ya siagi karibu na kikombe cha Mwalimu. Mzee alikiangalia. Akakichovya kwenye chai yake, maana maji hayakuwa karibu, akakitia mdomoni, akakijaribu peke yake, kikalia kama kifaranga. Akainuka mwenyewe kwenda kabatini. Akachomeka. Akapuliza sauti moja ndefu, na Maman Jozefa, aliyekuwa anaingia na sufuria ya maji, akasimama katikati ya mlango, si ndani, si nje, mpaka ile sauti ilipoisha.

Mwalimu akachomoa anshi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Iko ngumu kidogo," akasema.

Devota alikuwa tayari ameshika kipande cha chupa. Akanyoosha mkono.

"Leta," akasema.